Arudi Uwanjani au Ausamehe Msimu?

Mechi ya chuo inayoanza saa moja jioni huko New York hutufikia Dar es Salaam saa tisa usiku. Mzazi mwenye mtoto anayecheza kikapu Marekani hahitaji kuelezwa hilo: sebule gizani, simu imeegemezwa kwenye kopo la sukari, sauti imepunguzwa isiamshe nyumba. Mama mmoja wa Tabata alikuwa amekaa hivyo usiku mmoja wa Desemba mwanawe aliporuka kugombea ribaundi, akatua juu ya mguu wa mwenzake, asinyanyuke. Kulipokucha alinipigia. Daktari wa timu alikwisha kumwambia kuna ufa kwenye mfupa wa pembeni wa wayo, wiki nane hivi. Wiki nane alizielewa. Kilichomshinda ni kingine. "Kocha, wanasema anaweza kurudi Februari, au asicheze tena na mwaka usihesabiwe. Sasa mwaka unakosaje kuhesabiwa?"

Swali hilo kila msimu huwakuta wazazi wa Dar, Nairobi, Kampala na Lubumbashi wakiwa hawajajiandaa, na siku za kulijibu huwa chache. Tuanze na sheria, maana bila sheria ushauri wote ni maneno ya barazani.

Kwa miaka mingi NCAA, chama kinachosimamia michezo katika vyuo vingi vya Marekani, kimempa mchezaji wa daraja la kwanza misimu minne ya kucheza ndani ya miaka mitano ya kalenda. Saa ya miaka hiyo mitano huanza kugonga siku anapojiandikisha kuwa mwanafunzi wa muda wote katika chuo chochote, popote duniani. Aliyeanza muhula mmoja Mlimani kisha akapata nafasi Ohio, saa yake ilianzia Mlimani. Haisimami akiumwa, wala akihama chuo. Kwa hiyo ndani ya miaka mitano umo mmoja wa akiba, na huo ndio Wamarekani wanaouita redishati, shati jekundu. Jina hilo husimuliwa kuwa lilitokana na Warren Alfson wa Chuo Kikuu cha Nebraska, aliyeomba mwaka 1937 afanye mazoezi na timu ya futiboli ya Kimarekani bila kucheza mechi, akavaa jezi nyekundu isiyo na namba. Hakuwa na jeraha lolote. Aliona tu kwamba waliomtangulia kwenye nafasi yake ni wengi na wazoefu. Napenda kuwasimulia vijana habari zake, kwa sababu wengi wao huichukulia redishati kama cheti cha ugonjwa na huionea aibu.

Kwenye kikapu akiba hiyo inalindwa kwa masharti makali. Asiyegusa mechi hata moja msimu mzima hana haja ya kuomba lolote. Msimu wake upo. Lakini akiingizwa dakika moja tu, timu ikiongoza kwa pointi thelathini na kocha anataka kuwapumzisha wakubwa, msimu umekwisha kuhesabiwa. Futiboli ya Kimarekani, tangu 2018, inamruhusu mchezaji kugusa hadi mechi nne na bado abaki na msimu wake. Kikapu hakikupewa huruma hiyo. Aliyekwisha kucheza kisha akaumia anabakiwa na mlango mmoja, msamaha wa kitabibu, na mlango huo una bawabu mkali: awe ameumia katika nusu ya kwanza ya msimu, awe hajacheza zaidi ya asilimia 30 ya mechi, na jeraha limzuie kucheza hadi msimu uishe. Timu ikiwa na mechi 30, mwisho wake ni mechi 9. Ombi hupelekwa na chuo, familia haiwezi kulipeleka, na huamuliwa kwa karatasi za daktari zilizoandikwa wakati ule ule wa jeraha. Barua ya Mei inayoeleza goti la Desemba haina uzito.

Namba 9 ninaikumbuka kwa sababu ya Kevin Ware. Tarehe 31 Machi 2013, akiichezea Louisville dhidi ya Duke, aliruka kuzuia mtupo na alipotua mfupa wa muundi ukavunjika, ukatokeza nje ya ngozi mbele ya kamera. Alirudi msimu uliofuata, akacheza mechi 9, mguu ule ule ukapigwa tena, akakaa nje. Mechi 9 zilimwacha ndani ya mstari. Msimu ule ulisamehewa, akahamia Georgia State na kucheza misimu miwili mizima. Angekuwa ameingizwa mechi mbili tatu zaidi, hata za kumalizia muda, angebaki na mmoja.

Sharti linalowanasa wengi ni lile la tatu. Msimu ukishaurudia huwezi tena kuuombea msamaha. Kijana wa Tabata alikuwa amecheza mechi 7, ameumia mapema, karatasi zake ziko sawa. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Siku ambayo angevua suruali ya joto na kuingia uwanjani Februari, mlango ungefungwa, hata angecheza sekunde arobaini.

Hapa niweke tahadhari. Sheria hizi ziko mbioni kubadilika. Desemba 2024 mahakama moja ya Marekani ilimruhusu Diego Pavia, mchezaji wa futiboli wa Vanderbilt, aendelee kucheza ingawa kwa hesabu ya NCAA misimu yake ilikuwa imekwisha, na tangu hapo hoja ya kumpa kila mchezaji miaka mitano mizima ya kucheza imepamba moto. Hilo likiwa sheria, sehemu kubwa ya hesabu hii itabadilika. Vyuo vya daraja la pili navyo huhesabu kwa mihula, 10 kwa jumla, badala ya miaka. Kwa hiyo usiibebe hesabu yangu kama msahafu. Kila chuo kina ofisi ya kanuni za michezo. Mwambie mtoto aiandikie barua pepe akiuliza mambo mawili: nimebakiza misimu mingapi, na saa yangu inaisha lini? Ajibiwe kwa maandishi. Kauli ya kocha msaidizi aliyekutana naye koridoni haihesabiki.

Sasa tuje kwenye mwili, ambako ndiko maamuzi mengi huharibika kwa sababu ya neno moja: "amepona". Mfupa kuunga ni jambo moja, mguu kuwa tayari kwa kikapu ni jambo jingine. Picha ya eksirei inaonyesha mfupa. Haionyeshi misuli ya paja iliyonywea kwa wiki sita za magongo, wala hofu ya kutua kwa mguu ule ule mahali pale pale. Mchezaji wa kikapu huruka na kutua mara nyingi mno katika mechi moja, na mara nyingi hutua mtu mwingine akiwa chini yake.

Majeraha hayafanani. Kifundo cha mguu kilichoteguka kawaida ni habari ya wiki chache. Kuzungumzia redishati hapo ni kupoteza muda. ACL, ile kano ya katikati ya goti, nayo haina mjadala kwa upande wa pili: aliyeikata Novemba asiote kabisa habari za Februari. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kutoka kwa madaktari wa Norway na Marekani ulionyesha kwamba kila mwezi wa kusubiri, hadi kufikia mwezi wa tisa baada ya upasuaji, ulipunguza kuumia tena kwa goti kwa karibu nusu. Na kwa vijana wa chini ya miaka 25 wanaorudi michezoni baada ya upasuaji huo, karibu mmoja kati ya wanne huikata tena, iwe goti lile lile au la pili. Mzazi akizisikia namba hizi mara moja, hawezi tena kumshangilia mtoto anayejisifu kwamba yeye amerudi kwa miezi sita.

Katikati ndiko kwenye miiba: nyufa za mifupa ya wayo na za mgongo, na gegedu za goti. Hizi hupoa kwa maumivu kabla hazijapoa kwa kweli. Ule mfupa wa pembeni wa wayo, hasa kuelekea kisigino, hupata damu kidogo, kwa hiyo huunga polepole na una tabia ya kupasuka tena. Kijana anaamka siku moja hasikii kitu, anaruka kamba, anampigia mama yake: niko sawa. Hamdanganyi. Anasema anachokisikia.

Dawa yake ni kuomba namba. Muulize daktari: nguvu za mguu ulioumia ni asilimia ngapi ya nguvu za ule mzima? Wengi hutaka isipungue 90. Akiruka kwa mguu mmoja, anafika umbali gani ukilinganisha na wa pili? Amefanya mazoezi kamili ya kugongana na wenzake mara ngapi, na kesho yake mguu ulivimba? "Anaendelea vizuri" si namba. Na kama ratiba ya kurudi kwake inatajwa kwa jina la mpinzani, kwamba atakuwa tayari kwa mechi na fulani, mimi hapo husimama. Mfupa hausomi ratiba ya ligi.

Kisheria, sauti ya mwisho kuhusu kurudi uwanjani ni ya daktari na wataalamu wa tiba wa timu. Kocha hana mamlaka ya kuipindua. Hilo ni zuri, ila limewalaza wazazi wengi usingizi. Daktari anajibu kama mtoto anaweza kucheza. Kama inafaa acheze hajaulizwa, na si kazi yake. Akisema hawezi, mjadala umefungwa, hakuna tena cha kupima. Akisema anaweza, ndipo kazi ya familia inapoanza, na swali lake ni la sokoni kabisa: mechi zilizobaki zinanunua nini, na bei yake, ambayo ni mwaka mzima, inalingana nazo?

Kyrie Irving alilijibu swali hilo vizuri kuliko wengi, ingawa wakati ule watu walibishana sana. Aliingia Duke mwaka 2010, akacheza mechi 8, na tarehe 4 Desemba dhidi ya Butler akaumia kidole gumba cha mguu wa kulia. Alikosa mechi 26. Kwa hesabu tuliyoifanya, msamaha ulikuwa mikononi mwake. Badala yake alirudi Machi 2011, timu ikiwa kwenye mashindano ya taifa, akacheza mechi 3, ya mwisho wakifungwa na Arizona 93 kwa 77, yeye akiwa na pointi 28. Je, aliutupa mwaka? Hapana. Mwaka ule kwake haukuwa na thamani yoyote, kwa kuwa hakukusudia kurudi chuoni. Miezi mitatu baadaye Cleveland ilimchagua wa kwanza katika drafti ya NBA. Msimu wa akiba ni mali ya atakayebaki kuutumia. Anayeondoka hakika anaweza kuugawa bure.

Ila "anayeondoka hakika" ni wachache mno, na ninyi mnaonisoma mnajua kama mtoto wenu ni mmoja wao. Kama mnalazimika kuuliza, basi siye.

Hata kwa vigogo, kurudi kujionyesha hakulipi kila mara. Michael Porter alitua Missouri mwaka 2017 akitajwa miongoni mwa watakaochaguliwa mwanzo kabisa. Alicheza dakika mbili za mechi ya kwanza, mgongo ukamshika, akafanyiwa upasuaji mwezi ule ule wa Novemba. Angeweza kupumzika mpaka drafti. Akarudi Machi, mechi mbili tu, ya kwanza akipata mitupo 5 kati ya 17, na timu ikatolewa zote mbili. Julai alipasuliwa mgongo tena. Denver ilimchukua nafasi ya 14 na hakucheza mechi hata moja msimu wake wa kwanza. Leo ana ubingwa wa NBA wa 2023, kwa hiyo hakupotea. Lakini sioni mechi zile mbili zilimwongezea nini. Mlinganishe na Joel Embiid, Mkameruni aliyekuwa Kansas. Machi 2014 aligundulika ana ufa wa mfupa mgongoni, akakaa nje mashindano yote huku Kansas ikitolewa bila yeye. Juni wayo nao ukakutwa na ufa, ukapasuliwa siku chache kabla ya drafti. Philadelphia ilimchagua wa tatu hata hivyo, ikamsubiri misimu miwili mizima. Wanunuzi wa daraja lile hupeleka picha za mifupa kwa madaktari wao wenyewe. Hawadanganyiki na dakika kumi za Machi, wala hawamkimbii mtu kwa sababu alikaa benchi na suti.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa binti, na ni wa Connecticut, chuo ambacho Watanzania tunakijua kwa sababu ya Hasheem Thabeet, aliyetoka pale mwaka 2009 akachaguliwa wa pili na Memphis. Paige Bueckers aliumia goti la kushoto Desemba 2021: ufa kwenye kichwa cha mfupa wa muundi, na gegedu imechanika. Alikuwa amecheza mechi 6. Alirudi mwishoni mwa Februari, akaisogeza timu hadi fainali, wakafungwa na South Carolina 64 kwa 49. Agosti mwaka ule ule ACL ya goti lile lile ikakatika katika mchezo wa mazoezi. Hakuna anayeweza kusema kwa uaminifu kwamba la kwanza lilizaa la pili, nami sisemi. Ninachosema ni alichofanya baadaye. Safari hii alikaa nje msimu mzima wa 2022/23, hakugusa mechi. Akarudi, na alipopata nafasi ya kuondoka mwaka 2024 akabaki mwaka mwingine, kwa sababu miaka ilikuwepo. Aprili 2025 waliifunga South Carolina ile ile 82 kwa 59, wakatwaa ubingwa, na wiki iliyofuata Dallas ikamchagua wa kwanza. Mchezaji yule yule, goti lile lile, maamuzi mawili tofauti, na yote mawili yalikuwa na sababu zake. La mwaka 2022 lilinunua fainali. Kama mechi zinazomsubiri mwanao Februari zina uzito huo, na yeye ndiye anayezibeba, sitakulaumu ukimwacha arudi.

Nyingi hazina uzito huo. Kijana wa Tabata alirudi. Mimi nilishauri asirudi, mama yake alisitasita, lakini mtoto ana miaka ishirini na sauti ya kwake, na kocha wake alimwambia timu inamhitaji. Mguu haukupasuka tena, tumshukuru Mungu. Alicheza mechi tano. Katika tatu kati ya hizo aliingia kipindi cha pili, dakika sita, dakika nne, kwa sababu nafasi yake ilikuwa imekwisha kuchukuliwa na mwingine aliyekuwa amezoea. Timu ilimaliza chini ya katikati ya msimamo. Wala hakuna msiba hapo wa kuandika gazetini. Mwaka wake mmoja kati ya minne uliuzwa kwa dakika chache za mechi zisizokumbukwa hata na waliozicheza. Nimeona hasara ya namna hii mara nyingi kuliko ya goti kukatika tena, na haimshtui mtu kwa sababu haina kelele.

Ndiyo maana nawaambia wazazi wahesabu dakika, wasihesabu mechi. Mechi tisa zilizobaki zinasikika nyingi. Mwulize kocha, kwa adabu, lakini aulizwe: akirudi ataanza, au ataingia akitokea benchi? Dakika ngapi wiki ya kwanza? Nani anacheza nafasi yake sasa, na atamwondoa? Kocha mkweli atajibu kwa namba. Anayesema "tutaona" amekwisha kujibu. Na kumbuka kocha naye ana mkataba, na mkataba wake unahesabu ushindi wa mwaka huu. Simlaumu kwa hilo. Nasema tu kwamba mwaka wa tano wa mwanao unaweza kumkuta kocha mwingine kabisa kwenye kiti kile.

Upande wangu unaelemea kusubiri, nakiri, lakini kusubiri nako kuna gharama, na zipo za karatasi. Mwanafunzi mwenye viza ya F-1 lazima abaki mwanafunzi wa muda wote, kwa shahada ya kwanza angalau krediti 12 kila muhula, awe anacheza au amelala hospitali. Akizidiwa na matibabu anaweza kuruhusiwa kupunguza masomo, lakini ruhusa hiyo aipate kwa ofisi ya wanafunzi wa kigeni kwanza, kwa barua ya daktari, kabla hajaliacha hata somo moja. Kuna vijana waliofuta somo Jumatatu na kwenda ofisini Alhamisi, wakakuta hadhi yao ya viza imekwisha kutibuka. Vilevile I-20 ina tarehe ya mwisho. Mwaka wa ziada maana yake ni kuiongeza kabla haijaisha, au kupata mpya kama atakuwa anasoma shahada nyingine.

Hiyo shahada nyingine ndiyo zawadi ambayo familia zetu huisahau. Mchezaji aliyemaliza digrii ya kwanza kwa miaka minne akiwa na msimu mmoja mkononi anaweza kuucheza akianza shahada ya uzamili, chuo kikilipa. Ada ya uzamili Marekani inaizidi nyumba ya watu wengi hapa mtaani. Ukiniambia upime hiyo dhidi ya dakika nne za Februari, mimi sihitaji mizani.

Fedha za udhamini nazo zina kona yake kwa watoto wetu. Wenzao Wamarekani hulipwa kwa matumizi ya jina na sura zao, wakati viza ya F-1 inabana kazi. Oscar Tshiebwe, mtoto wa Lubumbashi, akiwa mchezaji bora wa vyuo vyote wa mwaka 2022, ilibidi asubiri safari ya Kentucky kwenda Bahama Agosti ile ndipo afanye matangazo na kulipwa nje ya ardhi ya Marekani. Oktoba alifanyiwa upasuaji mdogo wa goti, akakosa mechi mbili za mwanzo, na tarehe 15 Novemba akarudi dhidi ya Michigan State na pointi 22 na ribaundi 18. Upasuaji mdogo, wiki chache, msimu wote bado uko mbele: hapo kurudi hakukuwa na swali.

Ufadhili wenyewe uulizeni kwa maandishi. Vyuo vya zilizokuwa ligi tano kubwa, tangu 2015, na vyuo vyote vya daraja la kwanza, tangu Agosti 2024, vimezuiwa kumpokonya mchezaji ufadhili kwa sababu ameumia au kiwango kimeshuka. Nje ya daraja la kwanza ufadhili mwingi ni wa mwaka mmoja mmoja, na kijana anayekubali kukaa nje mwaka huu anapaswa kujua kama mwaka ujao jina lake limo. Tangu makubaliano ya mahakamani ya 2025 kati ya NCAA na wachezaji, vyuo vilivyojiunga nayo vina nafasi 15 tu za wachezaji wa kikapu. Nafasi moja ya mgonjwa inaonekana. Kuhusu matibabu habari ni nzuri kidogo: kuanzia Agosti 2024 vyuo vya daraja la kwanza vinatakiwa kugharimia majeraha ya michezo kwa angalau miaka miwili baada ya mchezaji kumaliza. Asiondoke bila kuwa na nakala za picha na ripoti zake zote, hata kama anahama kwa amani.

Gharama ya mwisho haina karatasi. Mwaka wa redishati ni mrefu. Saa kumi na mbili asubuhi yuko chumba cha tiba na barafu gotini; jioni wenzake wanapanda ndege kwenda kucheza, yeye anabaki na baiskeli ya mazoezi na baridi ya nje. Kule ukumbini anapigiwa makofi mtu aliyechukua namba yake. Huku nyumbani wajomba wanaandika kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: mbona hatumwoni, kwani wamemfukuza? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mzazi ana kazi mbili hapo. Ya kwanza ni kuwanyamazisha wajomba. Ya pili ni kupiga simu siku zisizo na mechi, na kuuliza habari za darasani, chakula, rafiki, kila kitu isipokuwa mguu.

Mama wa Tabata ana mtoto wa pili, binti wa miaka kumi na saba, mrefu kuliko kaka yake alivyokuwa, na vyuo vimeanza kumwandikia. Wiki iliyopita alinipigia tena. Alitaka nimwambie jinsi ya kuandika ile barua pepe ya ofisi ya kanuni. Nilimwambia: dada, ya binti bado, ya kaka mtu ndiyo ya leo, amebakiza misimu miwili na msimu mpya unaanza Novemba. Nawe msomaji, kama una mtoto huko, mwombe akutumie jibu la ofisi hiyo pamoja na ratiba ya timu, kisha izungushie wino mwekundu tarehe ambayo nusu ya kwanza ya msimu inaisha.